Leseni Mkononi, Kiti Bado: Niliyojifunza Nikisomea Urubani Kutoka Kisumu

Siku hizi nikiwa nyumbani Kisumu sipiti soko la Kibuye bila mzazi fulani kunivuta kando ya meza ya mama na kuniuliza habari za urubani. Ana mtoto aliyepata alama nzuri KCSE, hesabu na fizikia ziko sawa, na mtoto mwenyewe hataki kusikia kozi nyingine yoyote. Swali la kwanza huwa ni karo. Ni swali la haki, nami hulijibu. Lakini kabla ya kulijibu huuliza langu: akishapata leseni, mmejipanga kumtunza kwa muda gani kabla hajapata kiti?

Wengi hunyamaza hapo. Wanaamini leseni ndiyo kazi, kwamba ukitoka shule ya urubani na mabega yenye mistari, kampuni ya ndege inakungoja mlangoni. Mimi ni rubani msaidizi kwenye ndege ya abiria ya injini mbili za rafadha, naipenda kazi hii kwa moyo wote, na ningependa kuona watoto wengi wa Nyanza na Magharibi wakiifanya. Ndiyo maana nataka familia zijue njia ilivyo kabla hazijauza kitu.

Nimezaliwa na kulelewa Manyatta Arab. Mama huuza mitumba Kibuye, baba alitangulia mbele ya haki nikiwa shule ya msingi, na aliyesimama mahali pake ni mjomba wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Malaba na kuvuka. Siku tuliyokaa sebuleni kupiga hesabu, mama alikuwa tayari kuuza kiploti chetu cha Mamboleo. Mjomba akamwambia, "Dada, usiuze kitu. Mpeleke mtoto kwa daktari kwanza. Mimi hupimwa macho kabla ya kupewa lori, sembuse ndege."

Ushauri ule ulikuwa na thamani kuliko brosha zote tulizoletewa. Rubani wa kulipwa lazima awe na hati ya afya ya daraja la kwanza, na vipimo vyake hufanywa na madaktari waliokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Hati hiyo hudumu hadi miezi 12, kisha unapimwa tena, na hivyo hivyo maisha yako yote ya kazi. Nilipimwa damu, mkojo, mapafu, na moyo kwa mashine. Nikaingizwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, vipokea sauti masikioni na kitufe mkononi, nibonyeze kila nisikiapo mlio. Milio mingine ni myembamba hata hujui kama umeisikia au umeitamani. Halafu daktari akafungua kitabu cha Ishihara, kurasa zilizojaa vidoa vya rangi, ndani yake imefichwa nambari. Mwenye macho ya kawaida huiona mara moja. Anayechanganya nyekundu na kijani huona vidoa tu, hata akitumbua macho.

Hapa niseme jambo kwa wanaovaa miwani, kwa sababu nimekutana na watoto waliokata tamaa bure. Miwani haikuzuii kuwa rubani. Kinachotakiwa ni macho yako, yakiwa na miwani, yafikie kiwango, na ukiruka ubebe miwani ya akiba. Kijana asikubali kuvunjwa moyo na jirani ambaye hajawahi kufungua kanuni hizo.

Nilisoma na kijana mmoja mwenye kichwa chepesi kunishinda, ambaye wazazi wake walilipa karo kubwa kwanza, wakampeleka kwa daktari baadaye. Kitabu kile cha vidoa kikamfungia mlango. Leo anapanga safari za ndege ofisini na anaifanya kazi hiyo vizuri sana, lakini pesa zile hazikurudi zote. Kwa hiyo namuunga mkono mjomba: daktari kabla ya chuo, na ada ya daktari ndiyo shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Sasa karo. Shule nyingi hutaja bei kwa dola, kwa kuwa mafuta ya ndege ndogo na vipuri hununuliwa nje. Mzazi aliyepiga hesabu mwaka 2019, dola moja ikiwa karibu shilingi 100, na aliyepiga Januari 2024 ilipofika karibu 160, hawakuwa wakizungumzia kozi moja, ingawa brosha ilikuwa na tarakimu zile zile. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka. Kwa leseni ya rubani wa biashara ni saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Watu huchukua bei ya saa moja, wakazidisha kwa 200, wakadhani wamemaliza. Bado hujalipia mitihani, idhini ya kuruka kwa kutegemea vifaa pekee mawinguni, idhini ya injini mbili ambayo saa yake ni ghali zaidi, vipokea sauti, ramani, chumba Nairobi na nauli ya kila siku kwenda uwanjani. Na saa 200 ni kiwango cha chini. Mwanafunzi hapewi saa mfululizo: ndege inaingia karakana kwa ukaguzi, mvua inafunga juma zima, unakaa nje kidogo mikono inasahau, na mkufunzi anakurudisha hatua mbili nyuma kwa gharama yako.

Kuna jambo ambalo hakuna shule iliyotuambia, nalo lilinigharimu. Wakufunzi wengi wa ndege ndogo ni vijana ambao nao wanakusanya saa ili waajiriwe na kampuni kubwa. Siku anayopigiwa simu, anaondoka, na ni haki yake. Wewe unabaki katikati ya somo, unapewa mwingine, naye lazima aanze kwa kukupima. Shule niliyosoma mwanzo haikuwa ikilifidia hilo. Mzazi anayekwenda kuchagua shule aulize hivi: ndege ngapi ziko hewani wiki hii, wakufunzi wangapi wamekaa zaidi ya mwaka, na je, karo hulipwa kwa mkupuo au kwa kadiri ya saa ulizoruka. Hilo la mwisho ni muhimu mno. Usilipe zote kwa pamoja hata ukipewa punguzo. Shule ikifungwa, pesa yako iko ndani.

Sisi tulilipa kwa vipande. Mkopo wa sacco ya mama, mjomba mdhamini, mchango wa jamaa uliofanyika nyumbani kwa shangazi Kondele, na mwisho kiploti kile cha Mamboleo kikaenda. Mama hakulia. Alisema tu, "Ardhi itapatikana nyingine, ila umri wako hautaningoja."

Nilisomea Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929. Nilipenda kulijua hilo. Na nilikuwa na picha ya Kapteni Irene Koki Mutungi ukutani, aliyeingia Kenya Airways akiwa rubani wa kwanza wa kike wa kampuni hiyo, na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kuwa kapteni wa Boeing 787. Haikuwa picha ya kunipamba chumba. Siku ambazo watu walimuuliza mama kwa nini anamwaga pesa kwa binti, ilitusaidia kuwa na jina la kutaja.

Asubuhi ya mwanafunzi huanza gizani. Kabla ya jua kupanda unazunguka ndege na orodha mkononi: matairi, breki, usukani wa mkia, kiwango cha oili. Kinachonikaa akilini hadi leo ni mafuta. Unachukua kichupa cha plastiki, unakisukuma chini ya bawa kwenye vali ndogo, unakinga kidogo, unakiinua kwenye mwanga. Avgas, petroli ya ndege ndogo, ina rangi ya samawati hafifu. Maji, kama yamo, hushuka chini ya kichupa, hayana rangi, yanajitenga kwa mstari unaouona wazi. Ukiyaona unamwaga na kukinga tena, tena, mpaka kichupa kiwe na rangi moja toka juu hadi chini. Halafu bawa la pili, halafu chini ya pua. Usiku wa baridi kwenye tangi lisilojaa, unyevu hugeuka maji, na maji hayo yakifika kwenye injini ndege ikiwa inapanda, huna muda wa kuuliza yametoka wapi. Mkufunzi wangu wa pili hakuwahi kuniambia niharakishe hapo, hata foleni ya ndege ikiwa ndefu. Namshukuru.

Halafu kuna hewa yenyewe. Wilson iko juu ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana, joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kama iko karibu futi 8,000. Injini inapumua kidogo, mabawa yanabeba kidogo, unakimbia njia ya ndege hadi unaanza kuutazama ua wa mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya anajifunza mapema kupunguza mchanganyiko wa mafuta kabla ya kuondoka, na kumwambia rafiki mwenye begi zito kwamba leo hapandi. Marubani waliofundishwa pwani za nchi nyingine hulijua hili kwa vitabu. Sisi tunalijua kwa miguu kwenye pedali.

Leseni ya biashara hudai safari moja uwe wewe ndiye rubani mkuu wa ndege, isiyopungua kilomita 540, ukatue hadi kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Nilichagua pembetatu ya Wilson, Kisumu, Eldoret, kisha Wilson tena. Inatosha na kuzidi. Nilipanga kuondoka alfajiri, kwa sababu mtu yeyote aliyekulia Kisumu anajua mvua ya kwetu: asubuhi ziwa limetulia, mchana upepo wa ziwa unapanda kukutana na hewa ya milima ya Nandi na Kericho, alasiri radi. Nyanda za Kericho ni maarufu kwa mvua ya mawe, na ndege ndogo ya Cessna 172 haina biashara huko baada ya saa sita.

Nilipita juu ya Naivasha, nikaiona Nakuru na ziwa lake, kisha nikaifuata reli, ile iliyofika ziwani mwaka 1901. Ni kiongozi mwema: Njoro, Molo, Mau Summit, Londiani. Hapo ardhi inapanda kukufuata, zaidi ya futi 8,000, nawe uko 10,500, na ile nafasi kati yenu unaitazama kwa heshima. Baada ya Fort Ternan inaporomoka ghafla. Muhoroni, mashamba ya miwa ya Chemelil, uwanda wa Kano, na mbele yake Ghuba ya Winam iking'aa. Niliwaita mnara wa Kisumu, wakanipa upepo na njia, wakanionya kuhusu kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara ambao Kisumu yote inawajua. Kwa anayekaa mjini ni ndege wa jaani. Kwa rubani ni kilo kadhaa za nyama na mfupa mbele ya kioo, na nilipowaona wakizunguka juu ya hewa yenye joto upande wa mji niliwapa nafasi kubwa.

Nilitua, nikaegesha, nikapima mafuta kwa kijiti, nikatia sahihi karatasi. Nyumbani ni mwendo mfupi kwa bodaboda, na sikwenda. Mawingu juu ya Nandi yalikuwa yameanza kujijenga meupe upande mmoja, na Eldoret ndiko nilikotakiwa kwenda, uwanja ulio karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari. Kufanya uamuzi ule wa kuondoka bila kumwona mama ndiyo sehemu ya mafunzo iliyonigeuza kuwa rubani zaidi ya mtihani wowote. Nilitua Wilson kabla alasiri haijaingia. Jioni mama aliniambia mvua ilinyesha Kisumu mpaka maji yakapita sokoni.

Leseni yangu niliipata mwaka 2018. Tulikula pilau. Wiki chache baadaye mjomba akaniuliza kwa upole, bila kejeli hata kidogo, "Sasa leseni unayo. Ndege iko wapi?"

Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza, na ndipo pasipo na brosha. Mwenye saa 200 na leseni mpya ni mtu ambaye kampuni nyingi za ndege za kukodi hazina bima ya kumbebesha abiria. Wanataka saa 500, wengine zaidi. Utazipata wapi kama hawakuchukui? Wapo wanaobaki shuleni kuwa wakufunzi. Wapo wanaokaa kiti cha kulia kwenye Cessna Caravan za kwenda Mara na Lodwar, wengine wakipewa posho tu. Wapo wanaofuata mizigo, miraa ya Somalia, misaada ya Sudan Kusini, kazi halali na ya maana lakini yenye viwanja vya vumbi na usalama wa kukisia. Na wapo wanaokaa nyumbani wakiona leseni ikizeeka. Maana leseni ina njaa yake: hati ya afya kila mwaka, idhini ya vifaa inakwisha na kujaribiwa upya, na huwezi kubeba abiria kama siku 90 zimepita bila kuruka na kutua mara tatu. Kila kimoja ni pesa, na sacco haijui kwamba hujaajiriwa.

Nilirudi Kisumu nikafanya kazi ya kupokea abiria pale uwanjani, kupima mizigo na kutoa kadi za kupandia. Wako wenzangu waliona ni kushuka hadhi. Mimi sikuona hivyo na bado sioni hivyo. Nilijifunza jinsi dakika kumi za kuchelewa zinavyozaa saa mbili jioni. Nilijua kwa nini mzigo hupangwa mbele au nyuma, kwa kuuona ukipakiwa. Nilijua sauti ya abiria anayekwenda mazikoni na anayekwenda harusini. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulilipa hati ya afya na saa moja au mbili za kuruka nikienda Nairobi mwisho wa mwezi. Nikimshauri kijana yeyote aliye kwenye lile pengo, humwambia afanye kazi yoyote iliyo ndani ya ua wa uwanja wa ndege.

Nafasi ya kadeti, yaani rubani mwanafunzi wa kampuni ya ndege, ilinikuta hapo. Neno hili linabeba vitu vitatu tofauti, na familia huvichanganya. Kuna kampuni inayochukua kijana aliyetoka sekondari, ikamlipia kila kitu, kisha ikamfunga kwa mkataba wa miaka. Kuna inayochukua mwenye leseni na saa chache, ikamfundisha ndege yake. Na kuna wanaouza mafunzo kwa bei kubwa, wakayaita ya kadeti, bila ahadi ya ajira. La tatu husomeka vizuri sana mpaka ufike ukurasa wenye maneno "kutegemea mahitaji ya kampuni". Maneno hayo yakiwemo, hujaajiriwa, umenunua kozi. Kuna pia leseni ya pekee, MPL, iliyowekwa na shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, mwaka 2006, inayokufundisha tangu mwanzo kazi ya marubani wawili, kwa saa zisizopungua 240, nyingi zikiwa kwenye simuleta, mashine inayoigiza ndege. Ni mafunzo mazuri, lakini yamefungamana na kampuni iliyokulea, na kampuni za ndege hufa. Jetlink, iliyokuwa ikitua hapa kwetu, ilisimamisha safari zake Novemba 2012. Muulize anayekuuzia kozi: kampuni ikifa, leseni hii itanipeleka wapi?

Usaili haukuwa kama nilivyotarajia. Hawakuniuliza mengi kuhusu ndege. Kwenye kompyuta unashika mpini na kukiweka kidoa katikati ya mraba huku kinatoroka, na wakati huo huo sauti masikioni inakusomea nambari uzijumlishe. Hakuna anayeweza kufanya vyote kikamilifu. Wanatazama unaacha nini kwanza ukizidiwa. Halafu tukawekwa kikundi, tukapewa tatizo la ndege iliyokwama na abiria wachache wa kuokoa. Kijana mmoja aliongoza vizuri, hoja kali, sauti nzuri, ila alimkata kauli msichana mmoja kila alipofungua mdomo. Msichana yule alikuwa ameona hesabu ya mafuta haitoshi. Nilimwomba arudie. Hilo tu ndilo nililofanya la maana asubuhi ile, na naamini lilihesabiwa, kwa sababu kazi yote ya chumba cha marubani ni hiyo: kumsikia mwenzako alichokiona.

Mafunzo ya ndege yenyewe ni kukariri na kufuta. Ulizoea kuwa peke yako, sasa mko wawili, mmoja anarusha, mwingine anafuatilia na kutaja kwa sauti kila kinachobadilika. Kwenye simuleta injini hukuzimikia kwenye kasi ngumu kuliko zote, ile ambayo baada yake huwezi tena kusimama ndani ya njia iliyobaki. Mikono inataka kufanya kitu. Unafundishwa kushika mwelekeo kwa mguu, kupanda, na kutogusa swichi yoyote mpaka mmekubaliana ni injini gani iliyokufa. Marubani wameua watu kwa kuzima injini iliyo nzima badala ya iliyokufa. Unalirudia hadi jasho linalowesha shati kwenye chumba chenye baridi, na hata baada ya kuajiriwa unalirudia kila miezi sita, na ukishindwa husafiri.

Machi 2020 ndege zikasimama. Safari za kimataifa za abiria zilifungwa tarehe 25, za ndani nazo zikakoma, na zikarudi tarehe 15 Julai, za kimataifa Agosti 1. Kwa msafiri ilikuwa miezi. Kwa kadeti ambaye mafunzo yake yamekatwa katikati ilikuwa muda usio na mwisho unaojulikana, kwa sababu kampuni ikirudi hewani huwaita kwanza wenye uzoefu. Nilikaa Manyatta nikifundisha hesabu watoto wa jirani na kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya bango la swichi nililolichora kwenye kadibodi, nikigusa kila kimoja kwa mpangilio wake. Mama alikuwa akinisomea orodha kwa Kiingereza chake cha sokoni, nami namjibu. Alifikia kiwango cha kunikosoa nikiruka mstari. Tuliitwa tena mwaka 2021, na sio wote tulioitwa.

Mara ya kwanza kuja Kisumu na abiria, kapteni aliniachia kutua. Aliuliza tu, "Unaijua njia hii?" Nikamwambia nawajua kongoti wake.

Mnaoniuliza Kibuye, hali yangu ya sasa ni hii. Mkataba unanifunga miaka kadhaa, na nikiondoka kabla nalipa gharama ya mafunzo. Mshahara ni mzuri kuliko wa rika langu wengi, ila kipande chake kikubwa bado kinaingia sacco, na kiploti cha Mamboleo hakijarudi. Ili niwe kapteni nahitaji leseni ya juu, ambayo haipatikani chini ya saa 1,500, na baada ya saa bado kuna foleni ya wakubwa zangu kazini. Naamka saa tisa usiku siku nyingine. Eid mbili zilizopita nilikuwa kazini. Nikiugua mafua hata madogo siruki, kwa sababu masikio yaliyoziba huumia ndege ikishuka. Hayo yote nayakubali na sijutii.

Mdogo wangu naye amemaliza sekondari, anataka uhandisi wa ndege, asomee Embakasi, Nairobi. Tulikaa na mama na mjomba Jumapili jioni baada ya meza kufungwa, tukaandika hesabu yake kwenye daftari. Mjomba akasema tuanzie ukurasa wa mwisho: miaka miwili baada ya cheti, atakaa wapi, atakula kwa nani, na nani atamlipia leseni isife. Safu hiyo ilipojaa na tukaona pesa zipo, ndipo tukarudi kuandika karo.